LUKU: Siri iliyomo ndani ya tarakimu 20

MKAZI wa Mlali anayenunua umeme kwa simu hupokea ujumbe wenye namba ndefu ya tarakimu 20, huibonyeza kwenye vitufe vya mita, uniti huongezeka, na ujumbe husahaulika. Wachache hujiuliza kwa nini tarakimu ni 20 na si 15, au kwa nini namba ya jirani haikubali kwenye mita yao hata kama wote wawili wamelipa kiasi kilekile siku ileile.

Mlali ni kata ya Wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro, iliyo chini ya milima ya Uluguru kwa upande wa magharibi. Barabara inayoiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga hupita hapo kabla ya kupanda kwenda Mgeta, na ndiyo njia ya mboga na matunda yanayoshushwa kutoka milimani. Ni mahali ambapo fundi wa kuchomelea, mwenye saluni na mwenye mashine ya kusaga wote wanaitegemea namba hiyo kila wiki. Mkoa wa Morogoro wenyewe ndio wenye mitambo ya Kidatu ya megawati 204, na ile ya Kihansi ya megawati 180 iko mpakani mwake na Iringa. Lakini umeme hata ukizalishwa jirani, hauwashi taa kwa mwenye mita ya LUKU mpaka tarakimu 20 ziingizwe kwa usahihi.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mita nyingi za LUKU za majumbani hazina mawasiliano yoyote na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO). Hazina laini ya simu wala intaneti. Mteja anapolipa, hakuna taarifa inayosafiri kutoka Dar es Salaam au Morogoro mjini hadi ukutani kwake. Kinachosafiri ni namba pekee, na mteja mwenyewe ndiye tarishi wake. Namba hiyo ni barua iliyofungwa, na mita ndiyo pekee yenye uwezo wa kuifungua.

Utaratibu wa kuandika barua hiyo ulibuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la umeme la huko, Eskom, lilipohitaji kuuza umeme kwa malipo ya kabla kwa kutumia mita za watengenezaji mbalimbali. Utaratibu huo hujulikana kwa kifupi kama STS, na baadaye ukawa kiwango cha kimataifa. Leo unatumika katika makumi ya mamilioni ya mita duniani. Tokeni za Kenya na Yaka ya Uganda ni ndugu wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia.

Kwa nini tarakimu 20

Kompyuta na mita hazihesabu kwa tarakimu 10 kama binadamu mwenye vidole 10, bali kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kila nafasi ya 0 au 1 huitwa biti. Biti moja hutoa namba mbili, biti mbili hutoa namba nne, biti tatu namba nane, na kuendelea kwa kuongezeka maradufu. Barua ya LUKU ina biti 66. Kwa hiyo idadi ya barua zinazoweza kuandikwa ni 2 kwa kipeo cha 66, yaani 73,786,976,294,838,206,464.

Namba hiyo haina jina jepesi katika Kiswahili cha kila siku. Lugha ina elfu, ina laki iliyotoka Uhindini, ina milioni, bilioni na trilioni, kisha maneno huanza kuwa adimu. Anayetaka kuitamka anaweza kusema trilioni milioni 73 na ziada, na hapo atakuwa ameeleweka.

Ukubwa wake hupimika vizuri kwa hekaya ya kale ya mbunifu wa mchezo wa sataranji, aliyemwomba mfalme punje moja katika mraba wa kwanza wa ubao, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, hadi miraba yote 64 iishe. Mfalme alicheka, kisha ghala zikaisha. Jumla ya punje hizo ni pungufu kwa moja tu ya 2 kwa kipeo cha 64, ambayo ni 18,446,744,073,709,551,616. Punje ya mchele ikichukuliwa kuwa na uzito wa miligramu 25, hizo ni tani bilioni 461, na kwa dunia inayovuna takriban tani milioni 500 za mchele kwa mwaka, deni hilo lingelipwa kwa zaidi ya miaka 900. Idadi ya barua za LUKU ni mara nne ya punje hizo.

Ukihesabu tarakimu za 73,786,976,294,838,206,464 utapata 20 kamili. Ukiongeza biti moja tu na kufika 67, namba inakuwa 147,573,952,589,676,412,928, yenye tarakimu 21. Hivyo biti 66 ndizo nyingi kuliko zote zinazoweza kuenea ndani ya tarakimu 20, ambazo nazo hugawanyika vizuri katika mafungu matano ya tarakimu nne nne, jinsi zinavyochapwa kwenye risiti. Kila nafasi imetumika. Tarakimu 20 zilichaguliwa kwa ajili ya vidole na macho ya mteja, na hesabu ikabanwa ili ienee humo.

Hapa pana sifa ambayo msomaji anaweza kuihakiki kwa risiti zake mwenyewe. Kwa kuwa namba kubwa kuliko zote inaanza na 7378, hakuna namba ya LUKU inayoweza kuanza na 8 wala 9. Anayeletewa namba ya aina hiyo na mtu wa mitaani aliyemuuzia umeme wa bei ya kutupa, ajue bila kwenda kwenye mita kwamba ametapeliwa. Aidha, zile zinazoanza na 7 ni chache kuliko nyingine, kiasi cha tano katika kila 100, wakati zinazoanza na 0, 1, 2, 3, 4, 5 au 6 hugawana sawasawa, kila kundi likipata kati ya 13 na 14 katika 100.

Zinazoanza na sifuri ndizo zenye usumbufu. Shuleni watoto hufundishwa kwamba sifuri iliyo mbele ya namba haina thamani, na kwa hesabu za kawaida ni kweli. Kwa LUKU, anayeiacha ameingiza tarakimu 19, na mita haiwezi kukisia iliyokosekana. Familia inayonunua umeme mara moja kwa wiki itakutana na sifuri ya mwanzo kama mara saba kwa mwaka.

Kilichoandikwa ndani ya barua

Biti 66 hazikumwagwa ovyo. Biti mbili hueleza aina ya ujumbe: je, ni uniti za kuongezwa, au ni amri kwa mita yenyewe? Biti nne hueleza ni huduma gani, kwa kuwa utaratibu huohuo waweza kutumika pia kwa maji au gesi. Biti nyingine nne ni za bahati nasibu. Biti 24 hubeba wakati, 16 hubeba kiasi cha umeme, na 16 za mwisho ni za ukaguzi. Jumla ni 66, wala hakuna biti iliyobaki.

Tuanze na kiasi. Bei ya umeme, kodi na makato mengine, ikiwamo kodi ya jengo iliyoanza kukatwa kupitia LUKU Agosti 2021, hayamo kabisa ndani ya namba. Hayo yote humalizwa na kompyuta ya muuzaji kabla barua haijaandikwa. Mita haijui shilingi, inajua uniti, tena kwa hatua ya sehemu moja ya kumi. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja wa kundi la T1 alilipa shilingi 292 kwa uniti, na pamoja na tozo na kodi ya ongezeko la thamani ikafika shilingi 356.24. Shilingi 5,000 zikigawanywa kwa bei hiyo ni uniti 14.035, lakini barua haina mahali pa kuandika sehemu ya elfu. Inaandikwa 140, yaani sehemu za kumi 140, ambazo kwa lugha ya biti ni 10001100. Mita hufungua, husoma 140, na kuonyesha 14.0.

Biti 16 za kiasi zimegawanywa tena: 14 hubeba namba na mbili hubeba kipeo. Kwa namba hizo 14 mtu anaweza kununua hadi uniti 1,638.3 kwa hatua za sehemu ya kumi. Kuanzia hapo hatua hupanuka kuwa uniti nzima nzima, jambo ambalo halimgusi mwenye saluni wa Mlali bali mwenye kiwanda.

Biti za ukaguzi ni hesabu ya baki, kama ile ya darasani ambapo 17 kugawanywa kwa 5 hubakiza 2. Ujumbe wote hugawanywa kwa kigawanyo maalumu na baki lake huandikwa mwishoni. Mita hurudia mgawanyo huo, na baki lisipolingana hata kwa biti moja, namba inakataliwa. Baki la biti 16 lina sura 65,536 tofauti.

Baada ya hapo barua hufungwa kwa ufunguo. Kila mita ina ufunguo wake wa siri, unaotokana na namba ya mita na siri nyingine zinazotunzwa na shirika. Ufungaji huo huchanganya biti kiasi kwamba kubadili moja tu ya asili hubadili karibu nusu ya biti za matokeo. Ndiyo sababu manunuzi mawili ya uniti 14 hayafanani hata kidogo, na ndiyo sababu namba ya jirani ikifunguliwa kwa ufunguo usio wake hutoa takataka tupu.

Je, mtu anaweza kubahatisha? Wengi hudhani jibu ni moja katika trilioni milioni 73, lakini hesabu ya haki ni nyepesi zaidi ya hapo. Anayebonyeza tarakimu 20 za ovyo ana nafasi 74 katika 100 ya kuwa ndani ya mpaka. Kisha biti za aina zikubali, moja katika nne. Za huduma, moja katika 16. Na za ukaguzi, moja katika 65,536. Ukizidisha yote unapata nafasi moja katika majaribio takriban milioni 5.7. Kwa kasi ya jaribio moja kila sekunde 30, bila kula wala kulala, ni zaidi ya miaka mitano ya kubonyeza, na hata akifika huko bado wakati ulioandikwa ndani waweza kukataliwa. Kibarua cha shambani kina faida kuliko hicho.

Dakika zilizoisha

Sehemu iliyoleta kishindo mwaka 2024 ni zile biti 24 za wakati. Utaratibu wa STS hauandiki tarehe, bali huhesabu dakika tangu saa sita usiku ya Januari 1, 1993. Kila barua hubeba idadi ya dakika hizo hadi wakati wa kununua. Mita hutunza kumbukumbu ya namba za dakika za manunuzi ya karibuni, angalau 50. Ikiletewa ambayo imo kwenye kumbukumbu, husema imekwisha kutumika. Ikiletewa iliyo ndogo kuliko zote inazozikumbuka, husema imepitwa na wakati. Mteja aliyenunua mara tatu na kuanza na ya tatu hana sababu ya kuogopa, maana hizo mbili nyingine bado zitakubalika.

Lakini biti 24 zina mwisho. Namba zinazoweza kuandikwa humo ni 16,777,216, kuanzia sifuri hadi 16,777,215. Gawanya 16,777,216 kwa dakika 1,440 za siku moja, utapata siku 11,650 na dakika 1,216. Kutoka Januari 1, 1993, siku hizo, pamoja na miaka mirefu yote iliyopita katikati, zinaishia Novemba 24, 2024. Dakika ya mwisho inayoandikika ilikuwa saa 2:15 usiku. Dakika iliyofuata, hesabu ingerudi sifuri.

Kwa mita, sifuri ni mwaka 1993. Kila barua ambayo ingeandikwa baada ya hapo ingeonekana kuwa ya zamani kuliko zote inazozikumbuka, na ingekataliwa, hata kama mteja amelipa kihalali na fedha zimekatwa. Hilo halikuwa tatizo la Mlali wala la Tanzania peke yake. Kenya na Uganda, pamoja na nchi nyingine zinazotumia utaratibu huo, zilikuwa kwenye foleni ileile.

Dawa ya haraka ingekuwa kuifuta kumbukumbu ya mita ili ianze upya. Hata hivyo, dawa hiyo ingefungua mlango mwingine: mita isiyokumbuka chochote ingezikubali tena risiti zote za zamani zilizohifadhiwa kabatini, kwa sababu zilifungwa kwa ufunguo uleule. Mtu mwenye mazoea ya kutunza karatasi angewasha taa miaka mingi bila kulipa. Kwa hiyo ufunguo nao ulilazimika kubadilishwa sambamba na kufuta kumbukumbu, na mwanzo mpya wa kuhesabu dakika ukasogezwa hadi Januari 1, 2014.

Ufunguo mpya una urefu wa biti 64. Ndani ya barua ya biti 66, ukiondoa za aina, za huduma na za ukaguzi, zinabaki 44, hivyo ufunguo mzima hauenei. Ukakatwa nusu mbili za biti 32, kila nusu katika barua yake. Hicho ndicho kilichowashangaza wateja wa TANESCO mwaka 2024 waliponunua umeme na kupokea namba tatu za tarakimu 20 badala ya moja: mbili za mwanzo zilikuwa nusu za ufunguo, ya tatu ndiyo iliyobeba uniti. Aliyeanza na ya tatu ilikataliwa kwa sababu mita ilikuwa bado na ufunguo wa zamani. Na aliyekuwa ameweka akiba ya namba ambazo hajaziingiza, alipaswa kuziingiza kabla ya kubadilisha, kwani baada ya hapo hazikuwa na mita ya kuzifungua.

Zile namba mbili za ufunguo hazina dakika ndani yake. Kwa sababu hiyo mita iliyochelewa, ya nyumba iliyofungwa kwa muda mrefu au ya banda la biashara lililolala, haikufa Novemba 24. Iliendelea kutumia uniti ilizokuwa nazo, na inaweza kupokea ufunguo mpya hata baada ya tarehe hiyo.

Namba ya mita

Ipo namba nyingine ambayo mteja huandika mara nyingi zaidi kuliko anavyodhani, nayo ni namba ya mita, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 11. Kumi za mwanzo ni utambulisho, na ya mwisho ni mlinzi. Kanuni ya mlinzi huyo ilibuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM miaka ya 1950, na ndiyo inayotumika pia katika kadi za benki.

Chukua mfano wa kubuni, 1234567890. Kuanzia kulia, tarakimu ya kwanza huzidishwa kwa 2, ya pili huachwa, ya tatu huzidishwa, na kuendelea. Jibu likizidi 9 huondolewa 9. Jumla ya zote hapa ni 47. Ili kufika 50, ambayo hugawanyika kwa 10, inahitajika 3. Mita hiyo ingekuwa 12345678903.

Kanuni hii hunasa kosa lolote la tarakimu moja, na karibu kila kosa la kupindua tarakimu mbili jirani. Neno "karibu" lina sababu. Mfano uleule ukipindua 9 na 0 na kuandika 12345678093, jumla inabaki ileile na mlinzi anapitisha. 09 na 90 ndilo pengo pekee katika ukuta huo. Kama namba iliyopinduliwa ni ya mita nyingine iliyopo, muuzaji atapokea fedha na kutoa barua iliyofungwa kwa ufunguo wa mita hiyo, na mita ya Mlali itaikataa kila itakapobonyezwa. Mwenye 09 au 90 ndani ya namba yake ya mita ana sababu ya kuisoma mara mbili kabla ya kulipa.

Mwanzo mpya wa 2014 nao una biti 24 tu. Umeme ulionunuliwa Januari 1, 2025 saa 2 asubuhi ulibeba dakika ya 5,786,400, kiasi cha theluthi moja ya safari. Zitakapotimia tena 16,777,216 itakuwa Novemba 24, 2045, saa 2:16 usiku, na mwanzo wa tatu, Januari 1, 2035, umekwisha kupangwa kwa ajili ya wakati huo.